Cheche za Shamba na Paa la Makuti

Kuruwitu, katika pwani ya Kilifi, nyumba na mashamba hukaa karibu sana. Upande wa bahari ziko nyumba nyingi za makuti, ndogo kwa kubwa. Nyuma yake yako mashamba ya mahindi na mihogo, minazi na vichaka. Kila mwaka, kati ya Desemba na Machi, kaskazi huvuma na majani hukauka. Ndipo wakulima wanapofyeka na kuchoma mabiwi ili wawahi masika ya Aprili, na ndipo paa la makuti linapokuwa kavu kuliko wakati mwingine wowote.

Wengi hudhani ya kuwa moto huja kwa kutambaa katika nyasi, na ya kuwa mwenye uwanja uliofagiwa yu salama. Sivyo. Upepo huchukua cheche, ukazivusha ua na njia, ukaziangusha mbali na biwi lenyewe. Kaa moja likijificha ndani ya makuti hufuka kimya, na moshi uonekanapo, moto umekwisha kushika boriti. Hapo ndoo na ngazi hazifai tena. Nyumba huungua pamoja na mahindi ya darini na vyeti vya shule vya watoto. Wala mwenye mabati asijione yuko mbali na hatari hii, kwa maana cheche hupata pia majani yaliyorundikana ukutani. Ndivyo ilivyokuwa hata ng'ambo, katika mji wa Lahaina, Hawaii, mwezi wa Agosti 2023: nyasi kavu za mashamba ya miwa yaliyoachwa zilikuwa jirani na mji, upepo mkali ukatupa cheche nyumba kwa nyumba, wakafa watu karibu 100.

Sheria ya Kenya ya Moto wa Nyasi hairuhusu mtu kuchoma majani yasiyo yake bila idhini ya mwenyewe. Na mwenye kuchoma yaliyo yake, yampasa awape majirani habari mapema, waweke maji tayari, naye awe na watu wa kutosha wa kuulinda moto.

Biwi liwe dogo, lizungukwe na ardhi iliyolimwa, liwashwe alfajiri kabla upepo haujapata nguvu. Makumbi ya nazi ndiyo yadanganyayo zaidi: juu majivu, ndani moto. Kesho yake yapinduliwe kwa jembe na kumwagiwa maji, hata pasitoke moshi tena.