Kolabo iliyowapandisha akina mama baiskeli

UKITAJA mchezo wa kuigiza shuleni, wengi wetu tunawaza tamasha, majaji na vikombe. Lakini kule Tamil Nadu, jimbo la Watamil kusini mwa India, kuna wakati mchezo wa kuigiza ulitoka kuwatafuta wanafunzi ambao hawakuwahi kuketi darasani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. India ilikuwa na kampeni kubwa ya kuwafunza watu wazima kusoma na kuandika. Watamil waliiita yao Arivoli Iyakkam, yaani harakati ya mwanga wa maarifa. Shida ilikuwa hii: utamshawishi vipi mama aliyeshinda shambani au kwenye timbo la mawe aje ngumbaru jioni, tena kujifunza Kitamil chenye herufi 247 ukizihesabu zote? Kubandika tangazo ukutani ni kazi bure. Hawezi kulisoma!

Jibu likawa kalajatha, msafara wa wasanii unaozunguka kijiji hadi kijiji. Hakuna ukumbi, hakuna tiketi. Ngoma inalia, watu wanatoka nje, duara linajaa, shoo inaanza: nyimbo, densi, kisha mchezo mfupi kuhusu maisha yao wenyewe.

Hii ilikuwa kolabo hasa. Watunzi wa nyimbo, walimu, waigizaji na vijana wa kujitolea walifanya mazoezi pamoja kabla ya kuingia barabarani. Na shoo haikuishia kwa makofi. Aliyevutiwa alipata darasa kijijini kwake, na mtu wa kujitolea wa kumfunza. Sanaa bila darasa ingekuwa burudani tu. Darasa bila sanaa lingebaki tupu.

Katika wilaya ya Pudukkottai, mambo yalienda mbali zaidi. Mkuu wa wilaya, Sheela Rani Chunkath, aliona kusoma pekee hakutoshi ikiwa mwanamke lazima angoje mwanamume ampeleke sokoni. Mwaka wa 1991, baiskeli ikaingizwa kwenye kampeni. Mwanaharakati mmoja wa Arivoli, mwanamume, akatunga wimbo wa kuwahimiza akina mama kuendesha, na ukashika si mchezo.

Si kila mtu alifurahia. Wapo wanaume waliowarushia matusi njiani. Hata hivyo, kama alivyoandika mwanahabari P. Sainath aliyefika huko, makumi ya maelfu ya wanawake walijifunza: vibarua wa mashamba, wafanyakazi wa matimbo, wauguzi wa vijijini, walimu. Baiskeli za kike zilipoadimika, walichukua za kiume. Wengine hata walizipenda zaidi, kwa sababu kile chuma cha kutoka kitini hadi usukani kilimpa mtoto pa kukaa.

Hebu fikiria. Mama aliyetoka nje kwa sababu tu alisikia ngoma, sasa anabeba mtoto na mazao yake hadi sokoni, bila kuomba mtu lifti.

Kwa hivyo wewe uliye na kundi la maigizo mtaani, kabla ya kuuliza mtashinda kikombe gani, jiulizeni swali waliloanza nalo Watamil: shoo ikiisha, mtazamaji wetu anaenda wapi, na nani anamngoja huko?