MAELEZO KWA WENYE MAGARI: NJIA ZA KUPUNGUZA GHARAMA ZA BIMA

Wananchi wenye vyombo vya moto wanakumbushwa kwamba, kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ni kosa kuendesha barabarani, au kumruhusu mtu mwingine aendeshe, chombo kisicho na bima inayowalinda watu wengine. Kwa hiyo mwenye gari hana hiari ya kukata bima au kutokata. Hiari aliyonayo ni ya kuchagua aina ya bima, kampuni ya kumkatia, na namna ya kuitunza bima hiyo. Hapo ndipo fedha huokolewa, na hapo hapo ndipo wengi huzipoteza.

Maelezo haya yanatazama hali ya Kibakwe, Wilaya ya Mpwapwa, Mkoa wa Dodoma. Huko gari moja hufanya kazi nyingi: hupeleka wagonjwa hospitali, hubeba mahindi na karanga kwenda sokoni, na siku ya mnada hupakia majirani. Njia ni za vilima, na msimu wa mvua huongeza hatari. Hata hivyo, ushauri huu unafaa pia kwingineko Tanzania Bara.

1. Chagua aina ya bima inayolingana na gari lako. Bima ndogo hulipa madhara waliyopata watu wengine na mali zao. Gari la mwenyewe haitengenezi. Bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Katikati yake ipo bima ya watu wengine pamoja na moto na wizi. Gari kuukuu lenye thamani ndogo laweza kutoshelezwa na bima ndogo. Lakini ikiwa gari ndilo tegemeo la nyumba, na likiharibika mwenyewe hana uwezo wa kununua jingine, kuacha bima kubwa si kubana matumizi.

2. Taja thamani ya kweli. Anayetaja thamani kubwa kupita kiasi hulipa ada ya bure, kwani gari likiibwa hulipwa thamani yake ya soko. Anayetaja thamani ndogo hupunjika siku ya hasara. Tuseme gari lina thamani ya shilingi 10,000,000, na mwenyewe amelikatia bima ya shilingi 5,000,000. Likipata hasara ya shilingi 2,000,000, kampuni inayofuata kanuni ya uwiano italipa shilingi 1,000,000 tu, yaani nusu. Aidha, thamani ya gari hushuka kila mwaka. Ipitiwe upya kila bima inapohuishwa.

3. Eleza matumizi halisi ya gari. Jambo hili lizingatiwe kuliko yote. Ada ya gari la binafsi ni ndogo kuliko ya gari la biashara, na wapo wanaoandikisha gari kuwa la binafsi huku likipakia abiria kwa nauli. Akiba hiyo ni ya muda tu. Ajali ikitokea, kampuni yaweza kukataa kulipa hasara ya gari. Na hata ikilazimika kumlipa aliyeumia, yaweza kumgeukia mwenye gari na kumdai fedha hizo. Ndivyo shamba na nyumba vinavyoweza kwenda kwa ajili ya nauli za siku moja ya mnada. Vivyo hivyo, dereva awe na leseni hai ya daraja linalohusika.

4. Linganisha kampuni kabla ya kulipa. Kwa miaka mingi biashara ya bima Tanzania Bara ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na leo mwananchi anaweza kuchagua. Omba makadirio ya kampuni tatu kwa maandishi. Usitazame ada peke yake: uliza pia kiasi cha hasara utakachobeba mwenyewe kwa kila ajali, na mambo ambayo bima haiyalipi. Anayekubali kubeba kiasi kikubwa zaidi huweza kupunguziwa ada. Wenye magari zaidi ya moto moja, na vikundi vya ushirika, waulize punguzo la kukata bima kwa pamoja.

5. Tunza punguzo la kutodai. Kampuni nyingi humpunguzia ada mteja wa bima kubwa anayemaliza mwaka bila kudai fidia. Kwa hiyo, mkwaruzo mdogo wa gari lako ambao haukumgusa mtu mwingine, piga hesabu kwanza: pengine kuutengeneza mwenyewe ni nafuu kuliko kupoteza punguzo hilo. Breki na matairi yakaguliwe mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

6. Hakiki bima yako. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima Na. 10 ya mwaka 2009, huweka viwango vya chini vya ada za bima za magari. Wakala anayetaja bei iliyo chini mno atiliwe shaka. Bima halali husajiliwa katika mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka, na yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuihakiki kwa namba ya gari. Stika ya bandia ni ghali kuliko zote, kwa kuwa hailipi chochote.

Ajali ikitokea, toeni taarifa Polisi na kwa kampuni ya bima bila kuchelewa, na msikubali kosa wala kuahidi malipo kabla ya kuwasiliana na kampuni. Asiyeridhika na uamuzi juu ya madai yake anaweza kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Kila mwenye gari anashauriwa kuisoma hati yake leo, siyo siku ya ajali, na kuuliza kila neno asilolielewa kabla ya kutia saini.