Filimbi na Kiberiti Vyaweza Kuokoa Maisha

Mwezi huu tunazungumzia vitu vidogo visivyojaza hata kiganja cha mkono, lakini vyaweza kumrudisha mtu nyumbani akiwa hai.

Sisi wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro tunajua jinsi ukungu unavyoshuka ghafla miezi ya Juni na Julai. Mama ametoka mchana kukata majani ya ng'ombe, au mtoto amemfuata mbuzi aliyepotea. Manyunyu yanaanza, njia haionekani, giza linaingia. Wengi wetu huogopa wanyama wakali, na tunasahau adui mwingine: baridi.

Baridi huuaje?

Mwili wenye afya una joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya nyuzi 35, mtu yumo hatarini. Nguo zilizolowa, pamoja na upepo, huondoa joto upesi. Kwanza mtu hutetemeka. Baadaye husema kama mlevi, hujikwaa na kutaka kulala. Akiacha kutetemeka ilhali mwili bado ni wa baridi, msidhani amepona. Hali imezidi kuwa mbaya.

Basi aliyepotea anahitaji mambo mawili: kupatikana mapema, na kupata joto anaposubiri.

1. Filimbi. Anayeita kwa kelele hukaukiwa sauti mapema. Filimbi ya plastiki haichoki wala haihitaji betri. Apige mara tatu, anyamaze dakika moja kusikiliza, kisha arudie. Ishara ya mara tatu hutambulika katika nchi nyingi kuwa ni ya kuomba msaada.

2. Tochi na kioo. Usiku, amulike mara tatu vivyo hivyo. Mchana wa jua, kioo kidogo cha kujitazamia kikielekezwa vizuri, mmweko wake huonekana kilomita nyingi. Mwenye simu apige 114, Zimamoto na Uokoaji. Ila mabondeni mtandao hukosekana na betri huisha.

3. Kiberiti. Tieni njiti kumi na kipande cha mshumaa katika kichupa kikavu cha dawa chenye kifuniko. Kateni pia ubavu wa kiberiti mtie humo, kwa kuwa njiti za siku hizi haziwaki kwa kusuguliwa jiweni. Awashe mshumaa kwanza, ndipo mshumaa uwashe vijiti vikavu.

Tahadhari

Oktoba 2020 moto uliteketeza eneo kubwa la uoto wa mlima wetu. Moto uwashwe kwa shida tu, mahali palipofagiliwa hadi udongo, na uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa; hewa yake huua bila kunuka. Watoto wadogo wapewe filimbi, siyo kiberiti. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Mkimpata

Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni blanketi kavu mpaka kichwani, mkiacha uso wazi. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpeni chai ya moto kiasi yenye sukari. Msimpe mbege wala pombe yoyote: humfanya ajione ana joto, kumbe joto linamtoka. Msimsugue mikono na miguu. Mpelekeni zahanati.

Wazazi, jioni ya leo waketisheni watoto na kuwafundisha: "Ukipotea, usitangetange. Kaa karibu na mti mmoja, piga filimbi mara tatu, tutakuja." Kisha mama afunge filimbi yake kwenye pindo la khanga, na baba aitie mfukoni. Bei yake ni ndogo kuliko gharama ya usiku mmoja wa kumtafuta mtu tusiyemsikia.