Karanga Ndani ya Kopi ya Kitambulisho

Hapa Mgori, mkoani Singida, karatasi haitupwi, na shida yote inaanzia hapo. Ikishatoka ofisini au sandukuni mwa mtu, inakunjwa koni ya karanga, inafungia vitumbua, inawashia moto, au inachanwa vipande vinne na kutundikwa kwenye msumari chooni, ambako kila anayeingia ana muda wa kutosha wa kusoma. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, karatasi iliyokwisha kutumika ikazidi kutafutwa.

Mimi nina steshenari ndogo hapa senta. Natoa kopi, napiga lamination, nachapa barua za maombi ya kazi. Kila siku zipo kopi zinazoharibika: moja imetoka upande, nyingine imetoka nyeusi, nyingine mwenyewe kaikataa. Jioni vijana wa karanga wanapita.

“Shikamoo mama. Makaratasi hayapo leo?”

“Marahaba. Yapo, ila si ya kufungia.”

Wananiona mchoyo. Lakini tazama kilichomo kwenye kopi moja tu ya kitambulisho cha NIDA. Namba yake ina tarakimu 20, na zile 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Hapo hapo kuna jina kamili, picha na sahihi. Ni kweli kwamba siku hizi laini ya simu inasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kopi peke yake haimpi mtu laini. Inampa maneno. Wote tunaujua ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii”. Huo unacheka, unafuta. Akikupigia anayelijua jina la babu yako na tarehe uliyozaliwa, hucheki tena, unamsikiliza.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, tapeli wa mbali si wa kuogopwa zaidi kijijini. Anayeumiza ni jirani anayesoma. Karatasi ya majibu ya maabara, kadi ya kliniki, bahasha ya dawa yenye jina lako, barua ya kudaiwa mkopo: hizi zikifika kwenye koni ya karanga, habari inazunguka kabla karanga hazijaisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazitaja habari za afya kuwa taarifa nyeti na inawabana wanaozikusanya, sisi wenye biashara tukiwemo. Lakini karatasi uliyoitoa mwenyewe nyumbani kwako, sheria itaifuata wapi?

Wengi wanachana mara mbili, wanaona imekwisha. Huko Ujerumani Mashariki, mwishoni mwa mwaka 1989, maofisa wa usalama wa Stasi waliona utawala unaporomoka na mashine zao za kukatia karatasi zikaelemewa, wakaanza kuchana mafaili kwa mikono. Wananchi walipoingia kwenye ofisi zile yakaokolewa magunia takriban 16,000 ya vipande, na tangu 1995 watu wamekaa mezani kuviunganisha kimoja kimoja. Makosa ya maofisa yalikuwa mawili: vipande vikubwa, na vya faili moja kubaki kwenye gunia moja. Ukilazimika kuchana, chana vidogo, uvigawe.

Moto ndio tunaoukimbilia, nao unataka uangalizi kuliko unavyodhaniwa. Rundo lililobanana haliungui. Moto unakula kingo na kuacha katikati pazima. Karatasi iliyogeuka nyeusi bila kuvunjika, ukiipindisha kwenye mwanga maandishi yanaonekana bado. Ingiza moja moja, iliyokunjwakunjwa ili hewa ipite, kisha vuruga majivu kwa kijiti mpaka yawe unga. Na ichomwe kwenye mafiga, jikoni. Singida ni mkoa wa upepo; kipande kinachowaka kikiruka kiangazi, kinatua kwenye nyasi kavu. Sisi tunaoishi jirani na msitu wa Mgori, hekta kama 40,000 ambazo vijiji vitano vilianza kuzilinda vyenyewe katikati ya miaka ya 1990, hatuna udhuru wa kuwasha makaratasi uani saa nane mchana.

Mimi napenda maji. Najua kiangazi maji ni ya foleni, ndiyo maana natumia yaliyokwisha kufulia. Kwanza nachukua mkasi na kuondoa penye namba, picha, jina na sahihi tu. Upande mtupu unaobaki hauna siri, vijana wa karanga wauchukue. Hivyo rundo la kutisha linakuwa konzi mbili za vipande. Navitia kwenye ndoo mbovu, maji yanavifunika, naongeza majivu kidogo ya jikoni ili vilainike upesi, navilaza usiku kucha.

Asubuhi usidhani kazi imekwisha. Wino wa fotokopi ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi, na maji hayauondoi. Wino wa kalamu ya kawaida nao ni mbishi. Kinachoua herufi ni kuponda. Twanga kwa mti ndani ya ndoo (mchi wa chakula uache ulipo) mpaka upate uji wa kijivu usio na neno. Ukamue, changanya na maranda ya seremala, finyanga madonge, anika. Yakikauka yanasaidia kuni, ingawa moshi wake si mzuri, kwa hiyo yachomee nje ya chumba. Ukiona usumbufu, mwaga uji wote kwenye shimo la choo.

Vipo visivyokubali maji wala mafiga. Kitu kilichopigwa lamination kikate kwa mkasi, ukipitisha kwenye namba na uso, ukitupe kwa sehemu siku tofauti. Kadi ya benki ikate kwenye ile chipu ya dhahabu. Kile kipande cha plastiki kilichobeba laini mpya kina namba ya PUK, kisiachwe kwa watoto kuchezea. Risiti za mashine za EFD zinaandikwa kwa joto, si kwa wino. Zisogeze karibu na pasi ya moto zitaiva nyeusi tii, lakini kwa sababu ya kemikali zake usizipikie.

Daftari la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ni jambo jingine. Likae mpaka mgao umekwisha na kila mwanachama ameridhika kwa sahihi, kisha lichomwe mbele ya wote. Mweka hazina akilichoma peke yake, hata kwa nia njema, atalipishwa kwa maneno. Kumbukumbu za kodi ya biashara zinatakiwa zitunzwe miaka 5. Cheti cha kuzaliwa, hati ya kimila ya shamba na hati ya mauziano haviingii kwenye ndoo kamwe. Kabla sijaloweka chochote cha mzee wa familia, namwita anisomee karatasi zake moja moja, kwa sababu ipo iliyochakaa ambayo ndiyo shahidi pekee wa mpaka wa shamba.