Kilima Kigeni: Mafuta au Mashine?



Mafuta ya karafuu yakipimwa kwa kromatografi ya gesi, kila kilichomo huchorewa kilima chake. Kirefu kabisa ni cha yujenoli. Kikizuka kilima kigeni, twaambiwa tumechanganya, na pipa zima hukataliwa. Msikubali upesi. Ombeni mashine iendeshwe bila ya kutiwa kitu. Kilima kikitokea vile vile, uchafu ni wake: mara nyingi ni chembe za kile kizibo cha mpira kitobolewacho na sindano, au mabaki ya sampuli zilizotangulia. Kisipotokea, itiwe dawa ya kuyeyushia peke yake, kwa sindano ile ile. Pakiwa safi hapo pia, basi tutazame vyombo vyetu. Mafuta haya hula plastiki nyingi (madumu yale rahisi!), kwa hiyo sampuli shurti iende katika chupa ya kioo.