Sahihi ya Robert Morris

Katika wafanyabiashara wa Marekani ya zamani walioingia siasa, anayenishughulisha mimi ni Robert Morris wa Philadelphia. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1734, akavuka bahari angali mtoto, akaja kuwa tajiri wa merikebu. Na, tusifiche, watumwa nao waliuzwa na kampuni yake. Mwaka 1776 alitia sahihi Tangazo la Uhuru.

Vita vikaendelea, hazina ikawa tupu, na mwaka 1781 akakabidhiwa yeye. Bwana huyu akatoa hawala kwa jina lake mwenyewe, watu wakazipokea, maana karatasi za serikali hazikuwa na thamani tena. Baadaye akawa Seneta.

Kilichomponza ni tamaa ya ardhi. Alinunua nchi nzima nzima kwa mkopo hata madeni yakamfika shingoni, na Februari 1798 akatiwa jela ya wadeni, Philadelphia iyo hiyo. George Washington alimwendea, wakala pamoja humo gerezani. Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kumpa muhula mdeni aliyekwama. Yeye alingoja hadi Agosti 1801, sheria mpya ya waliofilisika ilipomfungulia mlango. Alikufa mwaka 1806, hana mali.