Hiroshima: ekipe iliyookolewa na pipa la makuta

Sisi watu wa Katanga, Hiroshima tunaijua paka kwa jina: ule mji Wamarekani waliangusha bomu tarehe 6 Agosti 1945. Mingi hatujui. Lakini kuko kamba moja inatufunga na watu wa kule. Sehemu kubwa ya uraniamu ambayo Wamarekani walitumia wakati wa vita ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, ikachimbwa na mikono ya baba zetu na babu zetu waliofanya kazi ya Union Minière. Hakuna aliyewaeleza yale mawe yanaenda wapi. Na bomu la Hiroshima lilikuwa bomu la uraniamu. Kufika mwisho wa mwaka ule, karibu watu 140.000 wa mji walikuwa wamekufa.

Tunaanza hapo ili msomaji asitupe gazeti akisema: besiboli ya Japani, sisi na yeye wapi na wapi? Leo hatusimulii kifo. Tunasimulia ekipe, na zaidi tunasimulia ba-supporters.

Mwishoni mwa 1949, miaka 4 tu baada ya moto, mji ukiwa bado vibanda na vumbi, watu wa Hiroshima waliunda ekipe ya besiboli ya kulipwa. Waliiita Carp. Ni jina la samaki, na ngome ya zamani ya mji inabeba jina la samaki huyo huyo. Wajapani wanampenda kwa sababu anapanda mto kinyume cha maji.

Kwa asiyeona besiboli: wachezaji ni 9 kila upande. Mmoja anatupa mpira mdogo, mgumu, na wa upande mwingine anajaribu kuupiga kwa rungu ya mbao. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo 4 na kurudi alipotoka. Vipindi ni 9, saa haihesabiwi. Inatosha, mengine utayaelewa mbele.

Shida ya Carp ilikuwa moja: haikuwa na patroni. Kule Japani ekipe ni mtoto wa kampani. Giants ya Tokyo ni ya gazeti la Yomiuri. Hanshin na Hankyu zilikuwa za kampani za reli. Hayo si mageni kwetu, sisi tunaowaita Lupopo hadi leo Cheminots. Carp ilitegemea serikali ya jimbo, ya mji, na watu wenyewe, watu waliokuwa wanatafuta bado mabati ya kufunika nyumba. Mwaka wa kwanza, 1950, ilishinda mechi 41 na kupoteza 96. Ilikuwa ya mwisho kati ya ekipe 8. Salere zilichelewa, kisha hazikuja. Wasomaji wetu wanajua mwezi bila salere unapita namna gani.

Mwaka wa 1951 wakubwa walianza kusema ekipe iunganishwe na ingine, Taiyo Whales, maana yake ife. Kocha, Shuichi Ishimoto, mtoto wa Hiroshima, alikataa. Alizunguka mikutanoni kueleza hali ya ekipe bila kuficha, akaomba watu waunde makundi ya kuisaidia, kazini na mitaani. Na kwenye mlango wa uwanja likawekwa pipa kubwa la mbao, la aina ile wanawekea pombe ya mchele. Kila anayeingia anatupa alichonacho.

Tuseme kweli: huku kwetu swali la kwanza lingekuwa ufunguo wa lile pipa uko kwa nani. Na si swali la kijinga. Lakini kule pipa lilijaa, likamwagwa, likajaa tena, na ekipe haikuuzwa. Hawakutajirika. Walipata tu kula na kupanda treni kwenda kucheza mechi ya kesho.

Mwaka uliofuata mtego mwingine. Ligi ilipanga kwamba ekipe itakayoshinda chini ya mechi 30 katika kila 100 itafutwa. Kila mtu alijua wanatafuta nani. Carp ilimaliza na mechi 37 za kushinda na 80 za kupoteza: asilimia 31 na kidogo. Ilipona kwa upana wa kidole. Aliyeanguka chini ya ule mstari alikuwa Shochiku Robins, waliokuwa mabingwa wa ligi miaka 2 tu nyuma, ile 1950 ambayo Carp ilikuwa ya mwisho.

Hapa njo tunaona kiini cha mambo. Mtu aliyetia makuta yake mu pipa hawezi kuondoka uwanjani kipindi cha 7 kwa sababu ekipe inapigwa. Anaenda wapi? Ile ekipe ni yake, sawa kuku wake, sawa mahindi yake. Atakasirika, atawatukana wachezaji (nao waliwatukana sana, tusiwafanye malaika), lakini kesho atarudi. Mwaka 1957 uwanja mpya ulifunguliwa katikati ya mji, kampani za pale zikitoa mchango. Ng'ambo ya barabara lilisimama lile jengo la kuba lililobakia mifupa tangu siku ya bomu. Watu walishangilia mbele yake kwa zaidi ya miaka 50.

Kombe la ligi lilikuja 1975 tu, msimu wa 26. Mwaka ule kocha Mmarekani, Joe Lutz, alibadilisha kofia za wachezaji kuwa nyekundu. Yeye mwenyewe aliondoka mwezi wa nne, akiisha kugombana juu ya maamuzi ya refa. Nyekundu ilibaki, na hadi leo uwanja wote unavaa nyekundu. Ba-mama wa kwetu watapenda hii: mashabiki wa Carp walizoea kuja na mwiko. Ndiyo, mwiko wa kupakulia wali, wa mbao, unaotengenezwa katika kisiwa cha Miyajima mbele ya Hiroshima. Unachukua miwili, unagonga mmoja kwa mwingine. Fikiria watu elfu nyingi na miiko mikononi. Tumejiuliza miiko ya bukari ingetoa sauti gani ku stade Mazembe.

Kuko tena tarumbeta, na wimbo wa kila mchezaji anaposhika rungu. Kuko kusimama na kuchuchumaa: mstari huu unasimama, ule unachuchumaa, halafu wanabadilishana, mechi nzima, wazee na watoto. Asubuhi yake magoti yanauma. Kipindi cha 7 walikuwa wanaachilia mapulizo mekundu juu, hadi Korona ilipokuja.

Katika wote waliovaa ile nyekundu, tunamweka mbele Sachio Kinugasa. Baba yake alikuwa askari Mmarekani mweusi, mama Mjapani, alizaliwa Kyoto 1947, na tunaweza kuwaza utoto wake ulivyokuwa katika Japani ya wakati ule. Hiroshima ilimwita Mtu wa Chuma. Alicheza mechi 2.215 mfululizo bila kukosa hata moja. Agosti 1979 mpira wa Nishimoto, mtupaji wa Giants, ulimvunja mfupa wa bega. Kesho yake aliingia, akazungusha rungu mara 3 kwa nguvu zote, akakosa mara 3, akatoka. Baadaye alieleza: mara ya kwanza kwa ajili ya mashabiki, ya pili kwa ajili yake mwenyewe, ya tatu kwa ajili ya Nishimoto, ili asibaki na uzito moyoni.

Mwaka ule ule wa 1979 Carp ilichukua kombe la Japani nzima, tena 1980, tena 1984. Halafu njaa. Kuanzia 1998 mpaka 2012, misimu 15 yote, ilimaliza katika nusu ya chini. Wachezaji wazuri waliondoka mmoja mmoja kwenda kwenye makuta mengi. Mwaka 2006 mtupaji Hiroki Kuroda alikuwa na ruhusa ya kwenda. Mashabiki walitundika bango kubwa uwanjani la kumwambia kwamba wako pamoja naye. Akabakia mwaka moja, kisha akaenda Marekani, akisema akirudi Japani atarudi Carp.

Tunasikia ahadi za namna hiyo kila siku. Lakini mwisho wa 2014 magazeti yaliandika kwamba Wamarekani walikuwa tayari kumlipa dola milioni 18. Carp iliweza kutoa yeni milioni 400 hivi, chini ya dola milioni 4. Alirudi. Alikuwa anaingia miaka 40. Tarehe 10 Septemba 2016, Tokyo, kwa Giants wenyewe, Kuroda njo alianza kutupa siku Carp iliposhika kombe la ligi baada ya miaka 25. Wanaume wazima walilia. Mwisho wa msimu akapumzika.

Kwa miaka 53 Carp haikucheza Hiroshima tarehe 6 Agosti. Ilikuwa siku ya makaburi. Tangu 2011 wanacheza, na watu wanasimama kimya kwanza kabla ya tarumbeta. Kombe la Japani nzima hawajaligusa tena tangu 1984. Kila mwezi wa tatu ligi inapoanza, wanatoa nyekundu sandukuni na kupanga mstari mlangoni.